Taa za Gari la Mazao: Kabla ya Kununua Balbu Kali, Pima Umeme Unaofika



Leo sitaongelea mbegu wala viuatilifu. Vijana wa vitunguu wa huku Mang'ola wameniuliza swali moja mara tatu ndani ya mwezi: "Afisa, taa za gari letu hazioni mbali, tununue balbu gani?" Najua kuna watakaosema afisa ugani na nyaya za gari wapi na wapi. Mimi naona hivi: ukishavuna, gari nalo ni sehemu ya shamba. Mzigo unatoka Mang'ola usiku, unapita Karatu, unashuka mteremko wa Manyara, halafu Mto wa Mbu, Makuyuni, ili ufike soko la Kilombero pale Arusha mapema kabla wanunuzi hawajajaza mahitaji yao. Njiani kuna ng'ombe na punda, kuna watu wanaotembea pembeni na nguo nyeusi, na juu ya magunia yako wamekaa wapakiaji (hilo la kukaa juu ya magunia tutagombana siku nyingine). Taa zikizima kwenye kona za mteremko ule, hatuongelei tena bei ya gunia.

Jibu langu kwa wote watatu lilikuwa moja: usinunue balbu yoyote bado. Tafuta mita kwanza, tupime.

Umeme unafika umechoka

Wengi wenu mna Land Rover 110 za zamani. Gari hili lilianza kutengenezwa 1983, na kuanzia 1990 likaitwa Defender. Ni gari gumu, silidharau, ila kwenye taa za mbele waliomtengenezea fundi kazi ni wao wenyewe: umeme wote wa taa unapita ndani ya swichi. Unatoka kwenye betri chini ya kiti, unapanda kwenye dashibodi, unaingia swichi ya taa, unaingia ile swichi ya usukani ya kubadilisha dimu na fulu, ndipo unarudi mbele kwenye balbu. Safari ndefu, kwa waya mwembamba, kupitia swichi iliyochakaa ambayo pengine ina umri mkubwa kuliko dereva.

Sasa hapa ninyi mna faida kuliko watu wa mjini, maana mnajua maji. Hebu chukua pampu nzuri ya inchi mbili, uifunge mpira wa nusu inchi wa mita mia, tena una viraka vinne. Kule mwisho maji yatadondoka tu. Hakuna mkulima mwenye akili atakayesema kosa ni la kinyunyizio, akanunue kinyunyizio kikubwa zaidi. Lakini kwenye taa ndivyo tunavyofanya kila siku.

Tupige hesabu kidogo. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. Dimu mbili ni wati 110, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na kidogo. Fulu mbili ni ampea 10. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1, urefu mita 5, ukipitisha ampea 9 unameza karibu volti 0.8 peke yake. Hapo hatujagusa swichi, viungio vyenye kutu, wala ethi.

Unaweza kusema volti moja au mbili ni kitu gani. Balbu za halojeni zina tabia mbaya: mwanga wake haushuki sawasawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Ndiyo maana unaona taa imekuwa ya njano kama koroboi wakati balbu ni mpya kabisa.

Namna ya kupima

Mita ya kawaida ya fundi redio inatosha, ile ya bei ndogo tu. Weka kwenye volti za DC, alama ya 20. Washa injini, ikanyage kidogo isiwe inanguruma chini kabisa, washa dimu. Gusa vichwa viwili vya betri, andika namba. Ikiwa chini ya 13.5 hapo hapo kwenye betri, shida yako ya kwanza ni alteneta au mkanda wake, na nitakayoyasema huko mbele hayatakusaidia mpaka uitengeneze. Ikiwa juu ya 14.8, nayo ni shida: chaji imezidi, na taa ukizipa umeme wote huo balbu zitaungua upesi.

Kisha nenda kwenye taa. Balbu iwe imechomekwa na inawaka, usipime soketi iliyochomolewa. Soketi tupu haivuti umeme, kwa hiyo itakuonyesha volti nzuri hata kama waya umebaki unywele mmoja. Fundi wengi hupotelea hapa na kusema "umeme upo, balbu ndiyo mbovu". Penyeza ncha za mita nyuma ya soketi, moja kwenye pini ya dimu, nyingine kwenye pini ya ethi. Andika.

Kipimo cha tatu watu huwa wanakiruka, na kwenye Land Rover ndicho muhimu kuliko vyote: ncha moja kwenye pini ya ethi ya balbu, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Betri iko mbali, utahitaji kuongezea waya mrefu kwenye ncha ya mita. Hapo panatakiwa pasomeke karibu sifuri. Ikizidi 0.3, ethi yako ni mgonjwa.

Kwa nini Land Rover hasa? Bodi yake ni alumini, chasisi ni chuma, boliti ni chuma, waya ni shaba. Metali hizi zikikutana na unyevu zinalana. Alumini nayo hujivika ukoko mweupe usiopitisha umeme. Ongeza vumbi letu la magadi huku bondeni, miaka thelathini, unategemea nini?

Kikundi kimoja cha vijana hapa walinunua 110 iliyokuwa ikipeleka watalii kwenye kambi. Ina nyaya kila kona, za friji, za taa za hema, nyingine hata hazijulikani zinaenda wapi. Wao walikuwa wameshachoka, wakaweka balbu za wati 100 kwa 90. Siku mbili tu swichi ya usukani ikaanza kuwa ya moto mkononi na kunuka plastiki. Si ajabu: fulu mbili za wati 100 ni zaidi ya ampea 16 kwenye swichi ambayo hata 10 zinaichosha. Hivyo ndivyo taa zinavyozima ghafla zote mbili, na hivyo ndivyo magari yanavyoungua.

Tulirudisha balbu za 60/55 tukapima. Betri: 13.9. Kwenye balbu: 11.6. Ethi peke yake ilikuwa inakula 0.7. Yaani taa ilikuwa ikitoa zaidi kidogo tu ya nusu ya mwanga wake. Tulipokwangua rangi na kutu kwenye ethi, tukavuta waya mpya mnene mpaka kwenye chasisi, ikapanda hadi 12.2 bila kununua hata spea moja ya maana. Dereva mwenyewe aliona tofauti ukutani. Kwa hiyo anza na ethi, jamani. Ukiwa na shilingi elfu tano tu mfukoni, ziishie kwenye ethi.

Rilei inafanya kazi gani

Iliyobaki ndiyo kazi ya rilei. Mnajua lango la mfereji mkuu: mtoto anaweza kulifungua kwa mkono, lakini maji yanayopita hayapiti mkononi mwake. Rilei ni lango hilo. Swichi ya zamani inatuma umeme kidogo, kama ampea 0.2, kuamsha sumaku iliyo ndani ya rilei. Sumaku inavuta kijilimi, kijilimi kinaunganisha waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye chanzo kwenda taa. Swichi inapumzika, na taa inakula umeme mbichi.

Rilei ya kawaida ina miguu minne yenye namba zilizoandikwa chini yake: 30 ni umeme unaoingia kutoka betri, 87 ni unaotoka kwenda taa. 86 na 85 ni za sumaku, yaani 86 inapokea waya wa zamani wa swichi na 85 inakwenda ethi. Utahitaji rilei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Angalia sana dukani: kuna rilei za miguu mitano ambazo mguu wa katikati umeandikwa 87a. Huo unawasha wakati swichi imezimwa. Ukiunganisha hapo, taa zitawaka gari likiwa limelala, na asubuhi utasukuma. Omba ya miguu minne, ya ampea 30 au 40, na uigeuze usome namba mwenyewe, usikubali "hii hii tu, zinafanana".

Kuifunga

Chomoa kichwa hasi cha betri kabla ya kugusa chochote. Kirudishe mwisho kabisa.

Umeme utautoa wapi? Betri ya 110 iko chini ya kiti, mbali. Njia fupi ni ile boliti kubwa ya stata, pale unapofika waya mnene wa betri, ambayo iko huku huku mbele kwenye injini. Ipo na umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, ndiyo maana nimesema betri kwanza. Hapo toa nyaya mbili za milimita mraba 4, na kila mmoja uwe na fyuzi yake ya ampea 15, isiyozidi sentimita 20 kutoka kwenye boliti. Waya kabla ya fyuzi hauna ulinzi wowote, ukikwaruzwa ukagusa chasisi unawaka moto, kwa hiyo kipande hicho kiwe kifupi na ukivalishe bomba la plastiki la mikunjo.

Kuna wanaotumia fyuzi moja kubwa kwa rilei zote mbili. Sikatai kwamba inawaka. Lakini ikikatika uko gizani kabisa. Ukiwa na mbili, ya dimu ikikata unavuta fulu, unapunguza mwendo, unafika mahali pa kusimama.

Waya wa kununua ni wa gari, ule wa nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Waya wa nyumba wa uzi mmoja unavunjika kwa mtikisiko, na barabara zetu mnazijua. Kutoka mguu wa 87 gawanya kwenda taa ya kushoto na ya kulia kwa waya wa milimita mraba 2.5, na ethi ya kila taa irudi kwa unene huo huo mpaka kwenye chasisi au kwenye hasi ya injini. Usiiishie kwenye bodi ya alumini. Kwenye viungio tumia terminali za kubana kwa koleo yake, halafu uvute kwa mkono: ukichomoka, ushukuru umechomoka mchana. Kusokota waya na kufunga tepu nyeusi ni kazi ya dharura ya kukufikisha nyumbani, si ya kuachia msimu mzima.

Rilei zifunge ndani ya ubavu wa bonde la tairi, juu, mbali na bomba la moshi, miguu ikitazama chini ili maji yasitulie humo.

Waya wa kuamsha sumaku unautoa kwenye soketi ya zamani ya taa moja. Usiikate! Tengeneza pini tatu zinazochomeka ndani ya soketi hiyo, hivyo siku rilei ikikufia porini unarudisha soketi ya zamani kwenye balbu na kuendelea na safari. Soketi ya upande wa pili izibe vizuri kwa tepu na uifunge isining'inie. Kwa balbu zenyewe nunua soketi mpya, za kauri ukizipata, maana zile za plastiki nyingi zimeshaungua midomo.

Rangi za nyaya kwa Land Rover ni za mtindo wa Kiingereza: bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni dimu, nyeusi ni ethi. Lakini gari la miaka thelathini limepitia mikono mingi, na kila fundi alikuwa na waya wa rangi yake mfukoni. Amini mita kuliko rangi.

Lile gari la kikundi, baada ya rilei, lilisoma 13.5 kwenye balbu, betri ikiwa 13.9 ile ile. Balbu ni zile zile za 60/55. Swichi ya usukani baridi kabisa. Gharama ya rilei mbili, fyuzi, nyaya na soketi walisema haikufika bei ya gunia moja la vitunguu, ingawa walifunga wenyewe, mimi nikishika tochi.

Wenye Toyota na wenye Canter, ngojeni kwanza

Msichukue maelezo haya ya juu mkafunga hivyo hivyo. Toyota nyingi za zamani, Hilux na Hiace zikiwemo, zina mpango wa kinyume: balbu inapata chanya moja kwa moja, na swichi inakata upande wa hasi. Namna ya kujua ni rahisi. Chomoa soketi ya taa, washa dimu, pima kila pini dhidi ya kichwa hasi cha betri, halafu geuza swichi kwenda fulu. Ikiwa pini moja tu ndiyo yenye volti 12 na haibadiliki ukigeuza dimu na fulu, uko kwenye mpango huo wa kinyume. Hapo 86 ipeleke kwenye ile pini ya chanya, na 85 kwenye pini ya dimu (au ya fulu kwa rilei ya pili). Upande wa 30 na 87 unabaki kama nilivyoeleza, na taa zinapata ethi yake mpya.

Canter na lori nyingi zinatumia volti 24. Rilei iwe ya 24, balbu ya 24. Ya volti 12 itaungua sumaku yake.

Elekeza taa ukiwa na mzigo

Hili nalisema kwa uchungu kidogo, maana usiku ninakutana nanyi barabarani. Gari likibeba magunia nyuma, mkia unashuka na pua inapanda. Taa uliyoielekeza gari likiwa tupu sasa inamulika machoni mwa anayekuja. Kabla ya rilei haikuonekana sana kwa sababu taa zilikuwa dhaifu. Sasa zina nguvu, utampofusha mwenye bodaboda na atakufuata wewe wewe, kwa kuwa haoni kingine.

Kwa hiyo pakia mzigo wako wa kawaida, upepo wa tairi uwe sawa, simama mahali tambarare mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, weka alama ya urefu huo huo ukutani, kisha chora mstari mwingine sentimita 10 chini yake. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu ukae kwenye mstari huo wa chini. Skrubu za kurekebishia ziko pembeni ya taa, kwenye 110 huenda zimeshika kutu, ziloweshe mafuta tangu jana yake.

Na mnaponunua taa nzima ya duara ya inchi 7, ya mtumba hasa, hakikisha ni ya nchi zinazoendesha kushoto kama sisi. Taa za dimu huinua mwanga upande wa pembeni mwa barabara ili uone watembea kwa miguu. Ya Ulaya bara inainua kulia, yaani kwetu ni machoni mwa anayekuja, na haiwezi kurekebishwa kwa skrubu. Washa dimu mbele ya ukuta: mwanga upande wa kushoto ndio uwe juu kidogo.

Mmeniuliza pia kuhusu balbu za LED za kuchomeka kwenye taa hizi hizi. Kioo na kikombe cha taa ya halojeni vimepigiwa hesabu ya uzi wa moto uliokaa sehemu moja maalumu. Nyingi za zile LED za bei rahisi hazikai hapo, kwa hiyo mwanga unatawanyika. Wewe unaona mbele pamekuwa peupe, unafurahi, lakini mbali huoni zaidi na mwenzako haoni kabisa. Mimi bado niko kwenye halojeni yenye volti zake kamili.

Baada ya mwezi mmoja wa barabara rudi na mita, pima tena vile vipimo vitatu na uviandike kwenye daftari lile lile la gharama za shamba, pembeni ya tarehe za kubadilisha oili. Ukiona kwenye balbu pameshuka zaidi ya volti 0.3 kutoka siku ya kwanza, fungua ethi za taa kwanza kabla ya kushuku rilei.